Tuiandike Historia ya Kijiji Chetu



Ulipoingia kisomoni uliandika kwanza jina lako. Baadaye ukaweza kumwandikia barua mwanao aliyeko mjini. Leo tujifunze kuandika kitu kingine: historia ya kijiji.

Tuanze na Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa. Wilaya ya Nyasa ni changa, ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Lakini habari za ufuko huu ni za zamani. Pale Liuli Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza ililishambulia jahazi la vita la Wajerumani, Hermann von Wissmann, likiwa nchi kavu linatengenezwa. Kumbe nahodha wake hata hakujua kwamba vita imeanza! Habari hiyo imo vitabuni kwa sababu wageni wale waliiandika. Na babu zetu waliokuwa wakivua siku ile, je? Yao yalibaki midomoni.

Si kwamba wazee hawakuweka kumbukumbu. Waliziweka katika ngoma. Tazama mganda. Wanaume wanajipanga mstari, wamevaa nguo nyeupe, wanakwenda hatua kama askari, na wana vyeo vyao. Asili yake ni beni, ngoma iliyoiga gwaride na bendi za jeshi, ikaenea sana baada ya vita ya 1914 hadi 1918. Ng'ambo ya ziwa, huko Malawi, wenzetu wanaiita malipenga. Kina mama nao wana kioda. Kijana anacheza vizuri tu, lakini muulize wimbo ulitungwa na nani na kwa kisa gani, atakwambia, "Mimi niliukuta."

Tena jambo hili si la ngoma peke yake. Miaka ya 1973 hadi 1976 watu wengi nchini walihamishiwa katika vijiji. Mahame yalibaki porini, na makaburi, na miembe iliyopandwa na mababu. Leo ukitokea ugomvi wa shamba, Baraza la Ardhi la Kijiji linauliza: nani alikaa hapa kwanza? Baraza hilo lina wajumbe saba, na angalau watatu lazima wawe wanawake. Watawasuluhisha vipi watu kama mzee pekee aliyejua mpaka amekwisha kufa?

Basi chukua daftari. Usimwite bibi ofisini, ataogopa. Mfuate anapoanika usipa au anapomenya muhogo, umsaidie kazi huku mnazungumza. Andika jina lake na tarehe. Andika anavyosema yeye, kwa Kinyasa chake, usimsahihishe. Akisema hivi na mzee mwingine akasema vile, andika yote mawili. Halafu msomee. Hapo ndipo atakapocheka na kusema, "Aa, mjukuu wangu, hapo umekosea," na utapata mengi kuliko mwanzo. Nakala ya pili iweke nyumba nyingine, maana mchwa hawajui historia.

ZOEZI
Kabla ya somo lijalo, muulize mzee mmoja wa kijijini kwako: kijiji hiki kilipata wapi jina lake? Watu wake wa kwanza walikaa upande gani? Andika ukurasa mmoja, uje nao darasani tuusome.