Dawa Isiyopaswa Kukatika

Homa ya malaria humshika mtu, akapewa vidonge vya siku 3, akapona, akarudi shambani kwake. Ugonjwa wa namna hiyo una mwanzo na una mwisho. Lakini yako magonjwa yasiyoondoka mwilini: kisukari, kifafa, pumu, shinikizo la damu, tena na virusi vya Ukimwi. Mwenye ugonjwa huo haponywi na dawa, bali hutunzwa nayo. Kwa hiyo agizo la daktari halitimizwi siku ile mgonjwa anapopokea dawa kwa mara ya kwanza. Hutimizwa kila siku, mwaka hata mwaka.

Watu wengi hudhani ya kuwa kukosa dawa kwa juma moja ni kuchelewa tu. Sivyo. Mtoto ambaye mwili wake hautengenezi insulini hata kidogo aweza kufa baada ya siku chache akikosa sindano. Mwenye kifafa aliyezoea fenobabitali, akiacha ghafula, aweza kushikwa na degedege zinazofuatana pasipo kupumzika. Tena huenda akaanguka motoni au majini. Aachaye dawa za virusi vya Ukimwi kisha akazirudia, kisha akaziacha tena, avifundisha virusi kuishinda dawa. Mwenye shinikizo la damu ndiye anayedanganyika kuliko wote, maana hasikii maumivu. Hujiona mzima, huacha vidonge, hata siku moja kiharusi kikampooza upande mmoja wa mwili.

Basi na itazamwe njia ambayo dawa huipita kuwafikia watu wa Kirotshe. Hospitali kuu ya zoni hiyo ya afya iko katika wilaya ya Masisi, karibu na ziwa Kivu, kando ya barabara itokayo Goma, kupita Sake, Shasha na Bweremana, hata Minova na Bukavu. Ghala za dawa ziko Goma, mathalani ile ya ASRAMES, chama kinachogawa dawa za lazima katika Kivu ya Kaskazini. Kutoka barabarani, dawa hupanda kwenda vituo vya milimani kwa pikipiki au kichwani mwa mtu. Ni njia moja tu, nayo ni nyembamba. Ikizibwa mahali pamoja, wote walio mbele yake wamekosa.

Nayo ilizibwa. Mwezi wa Februari 2024 vita vya M23 viliifikia Shasha, na barabara ikakatika. Watu wengi walikimbilia kambi za Goma, kama Bulengo, na wengine walisafiri ziwani kwa boti. Tarehe 21 Januari 2025 Minova ilitekwa, na tarehe 27 Goma yenyewe. Ghala ziliporwa, uwanja wa ndege ukafungwa, mabenki yakafunga milango, hata mwenye fedha zake akakosa namna ya kuzitoa. Mwezi uliofuata kambi zilivunjwa, na waliokimbia wakaambiwa warudi makwao. Mgonjwa aliyekuwa ameandikwa Kirotshe, kisha akaandikwa upya kambini, alijikuta tena njiani, na pengine daftari lake lilikuwa limepotea pamoja na hema.

Hapo pana jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Wagonjwa wawili huketi juu ya benchi moja. Wa kwanza ana virusi vya Ukimwi au kifua kikuu: dawa yake hutolewa bure, kwa sababu hununuliwa kwa fedha za mataifa, hasa za ule Mfuko wa Dunia ulioanzishwa mwaka 2002 na za Marekani. Wa pili ana kisukari au kifafa: huyu hununua mwenyewe, isipokuwa shirika fulani limepita na kumsaidia. Fenobabitali ni dawa ya zamani, iliyoingia katika matumizi mwaka 1912, nayo ni rahisi sana. Lakini kilicho rahisi kwa mwezi mmoja huwa kizito kwa miaka 20, kwa mtu ambaye shamba lake liko upande wa pili wa vita. Wala yule wa kwanza hakukaa salama. Tarehe 20 Januari 2025, siku 7 kabla ya Goma kutekwa, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje. Wenye kuishi kwa dawa za bure walijua siku hiyo ya kuwa bure ya leo yategemea neno la mtu aliye mbali.

Dawa ikikosekana hospitalini, mgonjwa huenda sokoni. Nako kuna hatari nyingine. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, huko Ituri, watu wapatao 1,000 walilazwa hospitalini wakiwa na shingo na nyuso zilizopindika. Kwanza ilidhaniwa ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Baadaye vidonge vyao vilipimwa: kopo liliandikwa diazepamu, lakini ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa nyingine kabisa. Wagonjwa hao hawakuwa wajinga. Walisoma jina lililoandikwa.

Je, hakuna njia ya kuifanya dawa isikatike? Ipo, angalau kwa sehemu. Kinshasa, tangu mwaka 2010, Madaktari Wasio na Mipaka na chama cha wagonjwa wenyewe walifungua vituo vidogo viitwavyo PODI. Mwenye virusi ambaye hali yake imetulia haendi kungoja hospitalini kila mwezi. Hupokea dawa za miezi 3 mtaani, mikononi mwa mtu mwenye ugonjwa kama wake. Faida yake ni wazi kwa watu wa Masisi: mwenye akiba ya miezi 3 nyumbani aweza kuvumilia barabara iliyofungwa kwa miezi 2. Kumpa mgonjwa wa Kirotshe vidonge vya siku 30 tu, mahali ambapo vita haviagi, ni kumhesabia siku.

Kuhusu insulini husemwa ya kuwa haiwezi kukaa nyumbani pasipo friji. Neno hilo liliwafunga wengi. Katika kambi ya Dagahaley, huko Dadaab nchini Kenya, wagonjwa walilazimika kwenda hospitalini mara nyingi kila siku kwa ajili ya sindano. Kisha Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima insulini iliyokaa majuma 4 katika joto la nyuzi 25 hata 37, kama lile la nyumba za kambi. Ilionekana kuwa nguvu yake haikupungua kwa zaidi ya sehemu 1 katika 100. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2021. Nayo Kirotshe iko juu, karibu meta 1,460 na zaidi, penye hewa ya baridi kuliko Dadaab. Chungu cha udongo kilicholoweshwa, kikiwekwa kivulini, chatosha kuitunza chupa iliyokwisha kufunguliwa kwa majuma hayo 4. Isiwekwe karibu na jiko, wala isigandishwe.

Limebaki jambo la daftari. Daktari mgeni hawezi kumrudishia mtu dawa yake kwa kusikia kwamba ni kidonge cheupe kidogo. Ahitaji jina la dawa yenyewe, wala si jina la kiwanda, pamoja na uzito wake katika miligramu, idadi ya kila siku, na tarehe ya mwisho kupokea. Karatasi hiyo huvikwa nailoni na kutunzwa pamoja na kadi ya uchaguzi, na mtu wa pili nyumbani hukariri maneno yake. Akiba ikianza kupungua, mwenye kifafa asikate vidonge nusu ili vidumu, bali aende kwa mwuguzi vingali vimebaki vya siku 10. Siku 10 ndizo aziwezazo kuzitumia kwa kutafuta njia nyingine, ya barabara au ya ziwa.