Ukurasa unaonekana sawa, mbona kikaguzi kinalalamika?

Swali: Hapa Komanda nimeandika programu ya PHP inayoonyesha bei za kakao. Kikaguzi cha W3C kinaniletea makosa mengi, ila kwenye simu kila kitu kinaonekana. Nihangaike?

Jibu: Ndiyo, lakini hangaikia programu, si ukurasa. Kosa moja ndani ya kitanzi cha PHP hurudiwa katika kila mstari wa jedwali, ndiyo maana orodha inatisha kuliko kazi yenyewe. Mara nyingi chanzo ni data. Jina la mnunuzi likiwa na "&" au "<", kivinjari kinaweza kulidhania amri. Pitisha kila neno la hifadhidata katika htmlspecialchars wakati wa kulichapisha, si wakati wa kulihifadhi. Hapo umemzuia pia anayetaka kupenyeza skripti. Tangaza UTF-8, la sivyo "é" katika majina ya wanunuzi wa Mambasa na Bunia zitageuka takataka.

Utasema vivinjari husamehe. Kweli: HTML5, iliyopitishwa na W3C mwaka 2014, inaeleza hata namna ya kusoma ukurasa wenye makosa. XHTML ya mwaka 2000 ilikuwa kali zaidi: ikitumwa kama XML, lebo moja isiyofungwa ilitosha kuukwamisha ukurasa. Lakini msamaha huo una gharama. Bei iliyoachwa ndani ya jedwali bila seli yake husukumwa juu ya jedwali zima, na mkulima haoni tena ni bei ya soko lipi. Asiyeona, anayesomewa na programu ya simu, hupotea mapema zaidi.

Mpe kikaguzi HTML iliyotoka kwenye seva, si faili la PHP, kisha anza na kosa la kwanza. Mengi yanayofuata ni watoto wake.