Mwendo wa Mdogo: Somo la Njia ya Pwani ya Cornwall



Sisi tuliozoea kwenda maili nyingi kwa miguu kwa ajili ya maji, soko, shule na mazishi, twaona ajabu tusikiapo kwamba wako watu waendao kwa miguu ili wapumzike. Baba na mama huwachukua watoto wao, hujitwika mizigo mgongoni, huenda siku mbili tatu juu ya majabali ya pwani katika upepo na mvua, kisha hurudi nyumbani wakisema kwamba wamepumzika. Labda twacheka. Lakini yafaa kwanza tuitazame njia yenyewe, na watu walioifanya. Kwani ndani yake mna somo kwa kila mtu mwenye watoto.

1. Nchi na njia yake

Upande wa kusini-magharibi wa Uingereza iko nchi iitwayo Cornwall, nayo imechomoza baharini kama pembe. Ncha yake ya magharibi huitwa Land's End, maana yake Mwisho wa Nchi. Mawimbi ya bahari ya Atlantiki huja kutoka mbali pasipo kizuizi, nayo huyapiga magenge ya matale mchana na usiku. Kati ya magenge mna hori ndogo zenye mchanga, na vijiji vya wavuvi.

Juu ya magenge hayo yapita njia ya miguu. Huanza Minehead katika jimbo la Somerset, huizunguka Cornwall, na kwisha penye bandari ya Poole katika jimbo la Dorset. Urefu wake ni maili 630, yaani kilometa 1,014. Sehemu ya Cornwall ilifunguliwa rasmi kwa wasafiri mwaka 1973, na mwaka 1978 njia yote ikatimia. Wala si njia ya tambarare. Kila penye kijito hushuka karibu na maji, kisha hupanda tena; naye aimalizaye yote amepanda, tukijumlisha, karibu mara nne ya urefu wa mlima Everest.

Mtu aitazamapo katika ramani atashangaa, kwa kuwa haitafuti mkato. Panapo rasi, huizunguka rasi yote. Panapo hori, huifuata hori mpaka ndani. Je, ni nani aliyeifanya njia ya namna hii?

2. Walioifanya njia

Hapo zamani bidhaa za ng'ambo, kama mvinyo mkali wa Ufaransa, chai, tumbaku na hariri, zilitozwa ushuru mkubwa. Basi watu wengi wa pwani walizileta kwa siri usiku, wakazificha katika hori na mapango. Mwaka 1822 serikali iliviunganisha vikosi vyake vya ulinzi kuwa kikosi kimoja cha walinzi wa pwani, nao wakapewa kazi ya kutembea juu ya magenge. Mlinzi hakuweza kuona ndani ya hori kwa kusimama mbali. Ilimpasa kwenda karibu na ukingo na kuchungulia chini. Nyayo za walinzi hao, usiku baada ya usiku, ndizo zilizoifanya njia.

Neno hili naomba msomaji alishike: njia hii haikufanywa na watu waliotaka kufika upesi, bali na watu waliopaswa kuona. Aendaye mbio juu yake ashindana na njia yenyewe. Aendaye polepole, akisimama na kuchungulia, ndiye aitumiaye kama ilivyokusudiwa.

3. Mfano wa jamaa moja

Tufanye mfano. Watu wa nyumba moja, baba na mama, kijana wa miaka kumi na minne, binti wa miaka kumi, na mdogo wa miaka sita, waliondoka Porthcurno asubuhi. Walitaka kulala Sennen Cove, ng'ambo ya Land's End, mwendo wa maili sita na zaidi. Baba aliihesabu safari, akasema, "Saa nane mchana tutakuwa tumefika." Lakini aliihesabu kwa miguu yake mwenyewe.

Porthcurno ni hori ndogo, lakini habari zake zafika hata kwetu. Mwaka 1870 waya wa simu, uliolazwa chini ya bahari, uliletwa nchi kavu katika mchanga wake, ukawa mwanzo wa njia ya habari kwenda Bombay kwa kupitia Gibraltar, Malta, Misri na Aden. Mwaka 1879 waya mwingine ulilazwa kutoka Aden mpaka Unguja, ukaendelea Msumbiji hata Durban. Tangu hapo habari za Unguja, zilizokuwa zikichukua majuma mengi melini, zilifika Uingereza upesi kwa waya. Kituo cha Porthcurno kilifungwa mwaka 1970, na sasa pana nyumba ya makumbusho. Binti aliposikia hayo akainama, akaanza kufukua mchanga kwa mikono, akitafuta waya uendao Afrika. Baba akatazama saa.

Juu ya hori hiyo upo ukumbi wa michezo uitwao Minack, uliochongwa katika genge lenyewe. Mwanamke mmoja, Rowena Cade, ndiye aliyeuanzisha chini ya bustani yake, na mwaka 1932 ukachezwa humo mchezo wa Shakespeare uitwao The Tempest. Yeye na mtunza bustani wake walivunja mawe kwa mikono, wakachukua mchanga kutoka ufukoni. Naye hakuiacha kazi hiyo hata alipokuwa mzee. Alifariki mwaka 1983. Kijana akauliza, "Mtu mmoja aliwezaje?" Mama akamjibu, "Kidogo kidogo." Baba akatazama saa tena.

Wakafika Porthgwarra. Hapo pana tundu lililotobolewa katika jabali. Wachimba madini walilichimba ili wakulima wapate njia ya kushuka ufukoni na kuchukua mwani wa kurutubisha mashamba. Mdogo akalipita tundu, akarudi, akalipita tena, akipiga kelele asikie mwangwi wa sauti yake. Sasa ilikuwa saa saba kasorobo, wala hawajafika hata nusu ya njia. Baba akakasirika, akasema, "Mimi na kijana tutatangulia. Ninyi tufuateni."

Mbele yao ilikuwa rasi ya Gwennap Head. Juu yake zimesimama alama mbili za mabaharia, mfano wa pia kubwa: moja nyekundu, na moja nyeusi na nyeupe. Kama maili moja baharini uko mwamba uitwao Runnel Stone. Nahodha aionapo ile nyeusi na nyeupe yuko salama. Lakini ikifichwa kabisa nyuma ya nyekundu, ajue ya kuwa yu juu ya mwamba. Mwaka 1923 meli iitwayo City of Westminster iliugonga mwamba huo na kukivunja kilele chake. Siku hizi pana boya lenye filimbi, nayo hulia kila mawimbi yanapoliinua.

Baba na kijana walipokuwa wakizitazama alama hizo, ukungu ulitoka baharini. Kwanza boya likatoweka, kisha bahari, kisha ukingo wa genge. Ikabaki sauti ya filimbi tu, ikilia kama mtu mwenye uchungu. Baba akageuka nyuma. Hakumwona mke wake, wala binti, wala mdogo. Akaita, na upepo ukaichukua sauti yake. Hakuwa ametangulia ila dakika kumi. Lakini katika ukungu, karibu na ukingo, dakika kumi ni mbali sana.

Akamshika kijana mkono, wakarudi hatua kwa hatua, huku wakiita. Akawakuta wameketi kando ya jiwe, mama amewashika watoto wote wawili. Mama alijua ya kuwa katika ukungu heri akaaye kuliko aendaye. Mdogo alipomwona baba yake akauliza, "Je, tumechelewa?" Baba hakuweza kujibu. Akamwinua, akambeba, wakarudi wote Porthgwarra, na siku hiyo hawakufika Sennen.

4. Siku mbili zilizofuata

Asubuhi kukawa kweupe. Wakaondoka tena, lakini kwa utaratibu mwingine: mdogo akatangulia, na baba akawa wa mwisho.

Juu ya Gwennap Head walikiona kibanda cha walinzi, na ndani yake mtu mwenye darubini. Hapo nyuma serikali ilivifunga vituo vingi vya kuiangalia bahari kwa macho. Mwaka 1994 wavuvi wawili walikufa maji penye rasi ya Lizard, chini ya kituo kilichokuwa kimefungwa karibuni. Watu wakahuzunika, wakakifungua kituo hicho wenyewe, kisha na vingine vingi, na hiki cha Gwennap Head ni kimoja. Hukaa zamu kwa kujitolea, pasipo mshahara. Baba alikaa kimya kitambo kirefu akisikiliza habari hiyo.

Wakapita Land's End, wakauona mnara wa taa wa Longships, umesimama peke yake juu ya miamba ya bahari. Wa kwanza ulijengwa mwaka 1795, na huu wa sasa uliwashwa mwaka 1873. Tangu mwaka 1988 taa yake yajiendesha yenyewe, wala hamna mlinzi ndani.

Siku ya tatu walifika Botallack na Levant, penye machimbo ya zamani ya bati na shaba. Nyumba mbili za mitambo, zenye dohani ndefu, zimeshikilia genge karibu na mawimbi. Kutoka hapo watu walichimba kwenda mbali chini ya bahari, na siku za dhoruba waliyasikia mawe makubwa yakibingirika juu ya vichwa vyao. Wanawake na wasichana walikaa juu wakivunja mawe kwa nyundo. Huko Levant palikuwa na mtambo wa kuwapandisha na kuwashusha watu, kama nguzo ndefu yenye vidaraja, iendayo juu na chini. Tarehe 20 Oktoba 1919, wachimbaji walipokuwa wakipanda baada ya kazi, kiungo cha juu kilikatika, na watu 31 wakafa. Mwaka 1930 machimbo yakafungwa. Mwaka 2006 nchi hiyo ya machimbo iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Mdogo aliuliza, "Watoto wao waliwangoja hapa?" Lilikuwa swali la haki, wala katika haraka ya siku ya kwanza hakuna ambaye angelisikia.

5. Mafundisho

Kwanza, mwendo wa jamaa ni mwendo wa mdogo wao. Yakobo alijua hivyo. Katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 33, Esau alipotaka waende pamoja, Yakobo alimwomba atangulie, kwa kuwa yeye alikuwa na watoto wachanga na wanyama wanyonyeshao, naye angekwenda taratibu kwa kadiri ya mwendo wao. Hakuona aibu kufika nyuma.

Pili, anayehesabu safari asihesabu kwa miguu yake mwenyewe. Ahesabu pia kusimama, kula, kuuliza, na kupita tunduni mara tatu. Maili moja ya njia ya magenge haifanani na maili moja ya barabara.

Tatu, kurudi si kushindwa. Ukungu ukiingia, upepo ukizidi, au maji yakianza kujaa ufukoni, mwenye hekima hurudi angali aijua njia. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Nasi twaweza kuongeza ya kuwa mwenda pole pia huona.

Nne, kila njia ina watu walioifanya. Walinzi, wachimbaji, wapeleka simu, mwanamke aliyechonga genge: hao wote walifanya kazi yao kwa hatua ndogo, na wengine waliilipia kwa uhai wao. Mzazi asimamaye na kumweleza mtoto habari hizo ampa urithi usiochakaa. Mzazi apitaye mbio amempa vumbi tu.

Basi, ndugu msomaji, si lazima uende Cornwall. Siku ukiwa na nafasi, mchukue mwanao katika njia uipitayo kila siku kwa haraka. Mwache atangulie. Akisimama, nawe simama, akiuliza, mjibu.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini njia ya pwani ya Cornwall haifuati mkato?
2. Baba alikosa wapi: katika kuhesabu, katika kukasirika, au katika kutangulia? Eleza.
3. Mama alifanya nini ukungu ulipoingia, na kwa nini lilikuwa jambo jema?
4. Wale wakaao zamu kwa kujitolea wafanana vipi na walinzi wa kwanza walioifanya njia?
5. Ni nani walioifanya njia iendayo nyumbani kwako? Kama hujui, waulize wazee, kisha uwasimulie watoto.