Gari limeshikwa kwa sababu ya bima? Fahamu ujumbe wako wa malipo unathibitisha nini

Ukiendesha gari kutoka Ukunda kwenda Msambweni au Lunga Lunga, askari wa trafiki wanaweza kukusimamisha wakati wowote na kuangalia stika ya bima. Mara nyingine wewe unasema umelipa, wao wanasema gari halina bima. Gari linapelekwa kituoni, abiria wanashuka, na kazi ya siku imeisha.

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili: ujumbe wa malipo unaonyesha pesa zilitoka, zikaenda kwa nani, na saa ngapi. Cheti cha bima kinaonyesha gari lina bima, kuanzia lini hadi lini, na kwa matumizi gani. Unahitaji vyote viwili.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 4 cha sheria ya bima ya magari Kenya, Sura ya 405, kinataka kila gari barabarani liwe na bima inayomlinda mtu mwingine unayeweza kumuumiza. Nacho kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima hakiruhusu kampuni kubeba jukumu kabla malipo hayajapokelewa au kudhaminiwa. Kwa hivyo, neno la ajenti kwamba "endelea tu, nitakutumia cheti kesho" si bima.

Mzozo hutoka wapi?

• Ulituma pesa kwa nambari binafsi ya ajenti, naye hakuzifikisha kwa kampuni.
• Nambari ya usajili iliandikwa vibaya, herufi moja tu, kwa hivyo mfumo hauoni gari lako.
• Bima ya mwezi iliisha jana usiku. Wenye matatu na tuktuk wanaijua vizuri hii.
• Bima ni ya gari la kibinafsi, lakini umebeba abiria kwa nauli. Hapa wenye Probox ndio hushikwa sana.

Gari likishikwa, fanya hivi

1. Uliza kwa heshima kosa ni lipi, na uombe nambari ya OB. Piga picha gari na vitu vilivyo ndani.
2. Tafuta ujumbe wa malipo. Ukiwa umeufuta, omba taarifa ya miamala yako kwenye simu. Andika kando msimbo wa muamala, tarehe na saa.
3. Angalia cheti kwenye programu ya Bima Yangu ya AKI, ambacho ni chama cha kampuni za bima. Linganisha nambari ya usajili, tarehe na matumizi.
4. Piga simu kwa kampuni yenyewe, si ajenti pekee. Wape msimbo, kisha omba wathibitishe kwa maandishi bima ilianza siku gani na saa ngapi.
5. Peleka uthibitisho huo kituoni. Polisi wakiendelea na kesi, utautumia mahakamani.

Saa ni muhimu sana. Tuseme ulisimamishwa saa nane mchana, ukalipa bima saa tisa ukiwa kituoni. Malipo hayo yatakusaidia kuanzia saa tisa kwenda mbele, lakini hayafuti kosa la saa nane.

Kuhusu pesa za kituoni: bondi ya polisi haina malipo. Ukitakiwa kuweka dhamana ya pesa taslimu, dai risiti rasmi, kwa sababu bila risiti utapata shida kudai pesa zako kesi ikiisha. Malipo ya huduma za serikali hupitia eCitizen, Paybill 222222. Mtu akikupa nambari yake binafsi akisema "tuma hapa tumalize", usitume.

Kampuni ikikataa kutambua malipo uliyoilipa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ukiambatisha ujumbe na cheti.

Kabla hujalipa tena

Lipa kwenye Paybill ya kampuni, na kwenye sehemu ya akaunti andika kile walichokuelekeza, mara nyingi nambari ya usajili wa gari. Soma jina la anayepokea kabla ya kuweka PIN. Baada ya kulipa, usiwashe gari hadi cheti kifike na ukisome. Na ukivuka Lunga Lunga kwenda Tanga, uliza kampuni yako kuhusu kadi ya njano ya COMESA. Tanzania si mwanachama wa COMESA, lakini imo kwenye mpango wa kadi hiyo.

Leo hii, fungua simu yako utafute ujumbe wa malipo ya mwisho ya bima. Jina lililo pale ni la kampuni au la mtu? Ikiwa ni la mtu, pigia kampuni sasa, kabla hujakutana na kizuizi cha barabarani.