Kizazi Kitupu kwenye Ultrasaundi: Lini Upime Tena, Lini Ukimbie

Kipimo cha mkojo kimetoa mistari miwili, lakini ultrasaundi imeonyesha kizazi kitupu. Daktari anasema huenda mimba imetunga nje. Ukifika nyumbani, ushauri unamiminika: wifi anataka ukapime kwingine, mama mkwe anasema subiri, mume anahesabu nauli.

Kabla ya kusikiliza yeyote, mtazameni mgonjwa. Akiwa na maumivu makali chini ya tumbo, kizunguzungu, kuzimia au weupe usio wa kawaida kwenye midomo, muda wa picha ya pili haupo. Bega likimuuma bila kuumia, ni vilevile. Damu ikivujia ndani ya tumbo huchokoza kiwambo kilicho kati ya tumbo na kifua, na maumivu husikika begani. Kuna wanaochuliwa misuli huku damu ikizidi kuvuja. Nendeni moja kwa moja hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezea. Kwa walio Tanzania, usafiri wa dharura wa m-mama huitwa kwa namba 115 bila malipo. Ndugu wawili watatu wanaoweza kuchangia damu wafuatane naye. Na matone machache ukeni yasiwape moyo, kwa kuwa damu nyingi huwa imejificha tumboni.

Hali ikiwa imetulia, mama ana haki ya kuomba daktari mwingine aangalie, na daktari mzuri hachukii. Sababu ipo. Kwa kifaa kinachoingizwa ukeni, kifuko cha mimba huanza kuonekana mnamo wiki ya 5 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwa kile kinachopitishwa juu ya tumbo huchelewa zaidi. Hedhi zikiyumba, hesabu nayo huyumba. Basi kizazi kitupu chaweza kuwa na mimba changa mno, au mimba iliyokwisha kutoka, au kweli imetunga kwingine, ambako zaidi ya mara 90 katika 100 ni kwenye mirija ya uzazi.

Wengi hubeba ile karatasi ya picha wakidhani daktari wa pili ataisoma kama anavyosoma eksirei. Ultrasaundi husomwa mkono ukitembea. Karatasi imeshika kipande kimoja tu cha alichokiona mpimaji. Kwa hiyo maoni ya pili hapa maana yake ni kupimwa upya, ikiwezekana kwa kifaa cha ukeni na kwa mtu aliyezoea mimba changa. (Wanaosema mama “amepigwa mionzi mara mbili” watulie: ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi.) Bebeni majibu yaliyoandikwa, tarehe ya hedhi, kundi la damu, na historia ya kitanzi, upasuaji wa mirija au mimba ya nje iliyotangulia.

Picha huenda pamoja na kipimo cha damu cha homoni ya mimba, hCG, kinachorudiwa baada ya saa 48. Kirudiwe maabara ileile, maana namba za maabara mbili hazilinganishiki vizuri. Namba moja haitoshi kutoa hukumu. Kinachoangaliwa ni mwendo wake: imepanda vya kutosha, imesuasua, au imeshuka.

Pa kusimama kidete ni kabla ya sindano ya metotreksati. Dawa hii husimamisha ukuaji wa mimba na huwaepusha wanawake wengi na kisu. Ila ikipewa mama mwenye mimba nzima ndani ya kizazi, yaweza kuiharibu au kumpa mtoto ulemavu. Ulizeni: “Mmeona nini hasa kwenye mirija? Kuna damu nyuma ya kizazi? Je, haiwezekani kuwa mimba ni changa tu?” Kama jibu ni “kizazi ni kitupu” pekee na mama hana maumivu, kuomba kurudia vipimo kwanza ni ombi la busara.

Katika saa hizo 48, mama asisafiri kwenda mbali na hospitali wala asilale peke yake. Simu iwe na chaji, na namba ya dereva iwe imeshahifadhiwa.