SOMO: Baada ya Moto, Msaada Hutoka Wapi?

Kiangazi kikifika, sisi tunaoishi chini ya nyasi na turubai huogopa moto. Basi leo tujifunze kwa watu wa Lahaina, mji wa kisiwa cha Maui, Hawaii, nchini Marekani. Tarehe 8 Agosti 2023 moto wa nyika uliosukumwa na upepo mkali uliuteketeza mji huo. Watu wapatao 100 walikufa, na majengo zaidi ya 2,000 yaliungua au kuharibika.

Waliopona walisaidiwa na nani?

1. Majirani. Ndio waliotangulia kuleta chakula, maji na nguo, wengine kwa mashua.

2. Msalaba Mwekundu. Walitoa malazi bila kuuliza vibali vya uhamiaji.

3. Serikali. Shirika lake la maafa, FEMA, lilitoa dola 700 kwa kaya iliyojiandikisha na kustahili, kwa mahitaji ya haraka. Baadaye kulikuwa na msaada wa kodi ya nyumba na matengenezo. Mkimbizi aliyepokelewa kisheria aliweza kuomba pia.

4. Mkopo wa serikali wa riba nafuu. Huo ni deni, hurudishwa.

5. Wafadhili. Mfuko ulioanzishwa na Oprah Winfrey na Dwayne Johnson ulitoa dola 1,200 kwa mwezi, kwa miezi kadhaa, kwa watu wazima waliopoteza makao.

Hakuna mlango mmoja uliotosha, wala mlango usiobishwa haukufunguka. Hata barua ya FEMA ya kukataa haikuwa mwisho. Mara nyingi ilikosekana karatasi moja tu, na mtu alikuwa na siku 60 za kukata rufaa.

Nasi tufanye nini?

- Kadi ya mgao na vyeti tuviweke katika mfuko mmoja karibu na mlango.
- Nyumba ikiungua, tutoe taarifa siku hiyo hiyo na kuhakikisha majina yetu yameandikwa.
- Msaada hauuzwi. Anayedai fedha ili akuandikishe ni mwizi.
- Tusinyamaze kwa aibu. Someni Matendo 11:27-30: Wakristo wa Yudea walipokea msaada kutoka Antiokia, na hawakudharauliwa.

Maswali ya nyumbani:
1. Vyeti vyetu viko wapi usiku huu?
2. Ni jirani gani hawezi kwenda kujiandikisha peke yake? Nani atamsindikiza?