Kisima Chenye Maji Matamu

Andiko la kusoma: Kumbukumbu la Torati 23:12-13

Wengi wetu hupima maji kwa macho na kwa ulimi. Yakiwa meupe, nayo hayana harufu, tunasema, "Haya ni mazuri." Sikieni habari ya mji mmoja uliodanganywa na maji ya namna hiyo.

Katika mji wa London, Uingereza, palikuwa na kisima chenye pompi katika njia iliyoitwa Broad Street. Maji yake yalisifiwa kwa utamu. Mjane mmoja aliyehamia mbali alikuwa akiletewa maji hayo, maana aliyapenda kuliko mengine. Mwisho wa Agosti 1854 kolera iliingia mtaa ule kwa nguvu. Watu waliharisha na kutapika hata miili yao ikakauka. Walikufa zaidi ya 600, na mjane yule pamoja nao.

Siku zile karibu waganga wote walifikiri kwamba kolera inaletwa na hewa yenye kunuka. Munganga John Snow hakukubali. Alipita nyumba kwa nyumba, akiuliza waliokufa walikunywa maji ya wapi. Akaona kwamba karibu wote walikunywa ya kisima kile. Lakini wafanyakazi zaidi ya 70 wa kiwanda cha pombe kilichokuwa karibu hawakufa, maana hawakunywa maji yale. Snow aliwaeleza wakubwa wa mtaa, na tarehe 8 Septemba mkono wa pompi ukaondolewa.

Pasta Henry Whitehead alihudumu katika mtaa ule. Hakuamini maneno ya Snow, akataka kuyapinga. Lakini alipowauliza watu wake mmoja mmoja, ukweli ulimshinda, naye hakuona haya kugeuka. Tena ni yeye aliyepata chanzo. Katika nyumba iliyokuwa karibu kabisa na kisima, mtoto mchanga alishikwa na kuhara mbele ya wengine. Mama yake alifua vitambaa vyake, akamwaga maji katika shimo la uchafu. Shimo lilipochimbwa, matofali yake yalionekana yameoza, na kutoka hapo mpaka kisima haikufika meta 1. Uchafu ulipenya chini ya udongo, wala hakuna aliyeuona.

Baba ya mtoto naye alishikwa na kolera siku ile ile mkono wa pompi ulipoondolewa. Kama watu wangaliendelea kuchota, ni wangapi tena wangalikufa?

Mama yule hakukusudia mabaya. Hakujua. Lakini sisi tumekwisha kujua. Kolera ipo kwetu Congo tangu miaka ya 1970, na mwaka 1994 iliua maelfu ya watu Goma. Basi watu wakiugua wengi pamoja, tusiulize, "Nani ametuloga?" Tuulize, "Walikunywa maji ya wapi?" Ulizo la kwanza huleta chuki kati ya ndugu. La pili huokoa watu.

Tufanye hivi:

1. Choo kiwe mbali na kisima, meta 30 au zaidi, nacho kisiwe upande wa juu wa kisima.
2. Kisima kijengwe ukingo, kifunikwe, na ndoo ya kuchotea iwe moja tu. Isiwekwe chini.
3. Nguo za mgonjwa zisifuliwe karibu na kisima wala mtoni. Maji ya kufulia yamwagwe chooni.
4. Maji ya kunywa yachemke kabisa kwa dakika 1. Juu milimani, dakika 3. Yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko.
5. Tunawe mikono kwa sabuni tukitoka chooni, tukisha kumsafisha mtoto, na mbele ya kula.
6. Mwenye kuhara sana apelekwe hospitali upesi. Njiani anyweshwe maji ya SRO kidogo kidogo. Kama SRO hakuna, tia katika litre 1 ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mtoto aendelee kunyonya.

Maulizo:

1. Kwa nini utamu wa maji hauonyeshi kwamba ni safi?
2. Pasta Whitehead alifanya nini alipoona kwamba amekosea?
3. Kutoka choo chako mpaka kisima ni hatua ngapi? Nenda leo ukapime.